Mshono wa Kikombe

Bi Enid Colclough, miaka themanini na miwili,
anaishi Longton, nyuma ya tanuri lisilowashwa tena:
tumbo pana, shingo nyembamba, njiwa ndani.
Ananikataza kusoma kamusi kwa sauti.
"Neno halikai humo. Lete kikombe."

Namletea kile cha chai, bado kina majani chini.
Anapitisha ukucha ubavuni, taratibu.
"Hapa palikuwa na mshono."

Maana udongo wa maji humiminwa katika kalibu ya vipande viwili,
na vipande vinapokutana
hubaki ukingo mwembamba
kama mstari wa nyuma wa soksi za Jumapili.
Kosa la nani? Si la mtu.
Ndivyo vitu vinavyokuja duniani, na mshono wake.
Basi kisu chembamba, kisha sponji yenye unyevu,
vikombe mia sita kabla ya kengele ya jioni.
Kazi hiyo, na neno lake: fettle.
Sema feto, kisha imeze ile o.

Nageuza daftari, natafuta la kwetu.
Kurekebisha? Hilo la karani mwenye fomu.
Kukarabati linangoja zabuni na mkandarasi.
Kusahihisha lina wino mwekundu na mwalimu aliyekasirika.
Kutengeneza, ndiyo, lakini kikombe kilikwisha tengenezwa;
yeye alikikuta kizima,
akakiondolea aibu.

Desmond Bloor anaingia kwa mlango wa uani bila hodi.
Lango linalia? Atalifanyia fettle.
Baiskeli, saa ya ukutani, bomba la jikoni, vilevile.
Na mjukuu wake aliyevunja kioo cha watu
naye atafanyiwa fettle akirudi,
na hapo, nadhani, hakuna sponji.

Desmond ndiye aliyesikia kanisani, kwa padri mpenda vitabu,
kwamba zamani sana, kabla ya viwanda, kabla ya chai,
neno lilitoka kwenye mshipi:
mtu alijifunga kiunoni, akawa tayari.
Nikacheka peke yangu.
Nimevuka bahari na mabara na foleni za viza
kuja kukuta watu hawa nao
wamejifunga kibwebwe.

"Lina na upande wa pili," asema Bi Enid.
Ukiulizwa hali, waweza kujibu
uko katika fettle njema, yaani mzima, imara, umekaa sawa.
Ndivyo alivyomjibu daktari mwezi wa pili,
kisha akakohoa mpaka miwani ikaangukia mapajani.
Ukingo ukikauka kabla ya kukatwa, kisu hutoa vumbi jeupe,
na yeye alikata miaka thelathini na mmoja
karibu na dirisha lililopigwa misumari ili joto lisitoke.
Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga.
Mawingu madogo, huku na huku.
Hakutumia neno lile. Alisema "kudhibiti".
Bi Enid akamwambia: kijana, hilo ni neno la mtu
aliyeweka kisu chini.

Nimeandika maana mara nne, nikafuta mara nne.
Karatasi imetoboka.
Chai imepoa, Desmond ameenda na bisibisi yangu,
na mvua ya Longton inanyesha ile yake ya kusitasita,
kama anayedaiwa.

Navaa koti. Nafika mlangoni.
"Wewe, njoo hapa."
Kola yangu ilikuwa imejikunja ndani upande mmoja.
Akaitoa, akailaza, akapitisha ukucha kwenye pindo,
akakohoa kando, akanisukuma begani.
"Haya. Sasa nenda."

Nililiandika kwenye basi, kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino:
maana, mfano, matumizi.
Sikuweka nukta.